Nati ya Tano

Asubuhi ya Jumanne Kalisti Kobelo alinyoa ndevu mara mbili, akavaa shati jeupe, koti na tai ya bluu yenye mistari, kisha akakaa sebuleni kumsubiri fundi wa ukuta.

Mkewe, Mama Tekla, alipita na ungo wa njegere. Akasimama, akamkagua kuanzia viatu mpaka tai.

"Baba Tekla, anakuja fundi au anakuja askofu?"

"Anakuja fundi."

"Siku ya kunioa hukuvaa tai."

"Sikuwa nayo."

"Ungeazima."

Kobelo alicheka, akainyoosha tai yake. Hakuna neno ambalo lingemuudhi asubuhi ile. Kwa miaka mitatu alikuwa amekataa katakata nyumba yake kuguswa na fundi mwingine. Mikono yake ilianza kutetemeka alipotimiza miaka sabini na tano, na kikombe kikijaa hakikufika mdomoni salama, lakini kila koki iliyolegea na kila bawaba iliyolia aliisemea maneno yale yale: niachieni, nitaitazama. Hakuitazama. Mwisho washa, ule mpira mdogo wa kuzuia maji ndani ya ukuta wa jikoni, ikaliwa, tangi likawa linajaa nusu, na Mama Tekla akachoka kuoga kwa kikombe. Akaita fundi bila kumuuliza mtu.

Kobelo alinuna siku nzima. Siku ya pili akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, fundi huyo anavaa mkono wa nani.

"Wa nani tena? Wa kwako. Mji huu una mkono mwingine?"

Tangu hapo alihesabu siku kama mtoto anayengoja sikukuu. Miaka ishirini iliyopita watu wa Hazina ya Mikono walipanda mpaka Mgeta kumtafuta. Walimweka siku arobaini katika chumba chenye mwanga mweupe, mikononi kavaa glavu nyembamba kama ganda la kitunguu, wakamwambia afanye kila kazi aijuayo, toka kubadili washa hadi kusimamisha ukuta mzima. Glavu zikajifunza. Tangu siku hiyo fundi yeyote aliyevaa glavu za Hazina na kuchagua mkono wa Kobelo, vidole vyake vilikwenda kama vya Kobelo. Mji ukapanda mlima ngazi kwa ngazi mahali palipokuwa na matuta ya kabichi, nyumba zikafika elfu ishirini na sita, na karibu zote zilitengenezwa na mikono yake, bila yeye kutoka kitini.

Na hakuwahi kuiona ikifanya kazi. Hata mara moja.

Ukutani juu ya kichwa chake ilining'inia barua ndani ya fremu. Ilisema kwamba Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, kitafunguliwa Chuo cha Ufundi cha Kalisti Kobelo, naye anaombwa akate utepe. Aliijua kwa moyo. Alikuwa ameacha shule darasa la nne kwa sababu ya kuchunga, akamaliza kidato cha nne katika shule ya jioni akiwa na miaka arobaini na mmoja, amekaa dawati moja na vijana waliomwita babu. Jina lake juu ya mlango wa shule. Alikwishakwenda mara mbili kulitazama, akijifanya anapita tu.

Saa tatu kamili hodi ilipigwa.

*

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kavaa ovaroli la kijani juu ya sweta, begi la zana begani, anahema.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kupanda?"

"Nzuri, ila ngazi zenu zinatafuta roho ya mtu. Naitwa Siwema. Nimetumwa kwenye ukuta usiojaza tangi." Aliiona tai. "Mzee anatoka? Basi naomba abaki mtu wa kunionyesha."

"Hatoki," Mama Tekla alisema. "Amevaa kwa ajili yako."

Siwema alitabasamu bila kuelewa, macho yakapanda ukutani, yakasoma barua. Begi likashuka begani polepole.

"Kobelo. Ndiye Kobelo yule?"

"Yule yule," Mama Tekla alijibu. "Mikono anayo bado, ila usimpe kikombe kilichojaa."

Siwema alifuta kiganja kwenye ovaroli, akampa mzee mkono, akaushika kwa mikono miwili. Aliutazama kama mtu anayetazama nyumba aliyokulia.

"Nimekaa ndani ya mkono huu miaka saba," alisema.

Halafu kitu kingine kikapita usoni mwake, kama kivuli cha ndege, naye akainama haraka kuchukua begi. Kobelo alikiona, lakini furaha ilikuwa imemjaa mno, akakipuuza. Alibeba kiti mwenyewe mpaka jikoni, akakisogeza karibu na ukuta hadi magoti yake yakawa hatua moja na fundi, akavaa miwani.

Siwema alifungua kifuniko. Ndani ya ukuta moyo ulionekana: kiungo cha shaba cha ukubwa wa embe, chenye nati tano. Alfajiri kuta za Mgeta hunywa ukungu wa Uluguru kwa vinyweleo vya udongo wake, maji yakachujika ndani kwa ndani mpaka kwenye moyo, na kutoka hapo yakashuka tangini. Nati zikikaa vizuri, nyumba ina maji mwaka mzima hata mvua ikisahau njia.

Alitoa glavu za kijivu, akavaa, akafumba macho kidogo kungoja zipate joto la mwili.

"Ukivaa inakuwaje?" Kobelo aliuliza. Swali hili alikuwa amelikalia miaka ishirini.

"Kama mama anavyokushika mkono akikufundisha kuandika. Ukilegea, unaandika vizuri. Ukikaza, mnagombana."

"Na mkigombana?"

"Inakuachia. Lakini inaandika kwamba umekwenda kinyume, na walioko Hazina wanasoma."

Kisha mikono ikaanza, na Kobelo akasahau kupumua. Kidole gumba kilipita kwanza kwenye hesi, ile mikato ya skrubu, kufuta vumbi, kama alivyofuta yeye. Spana iligonga shaba mara mbili, ko-ko, kusikiliza kama kuna ufa. Washa mbovu ilitoka bila kuvutwa, kwa kuzungushwa tu, na mpya ikaingia kwa kubembelezwa. Hakuona mwanamke wa miaka thelathini. Alijiona mwenyewe, mzima, na vidole vinavyotii. Na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kila spana ilipozunguka, kilinyanyuka peke yake hewani.

Kobelo alipasuka kwa kicheko mpaka machozi yakamtoka.

"Hicho kidole changu kilibanwa na mlango wa lori nikiwa na miaka kumi na tisa. Chako kimekosa nini?"

"Sijui, mzee. Sote tuko hivyo. Hata tukila ugali watu wanatujua."

"Mama Tekla, njoo uone. Nimeuharibia mji mzima kidole."

Nati ya kwanza ilikazwa mpaka ikatoa mlio mdogo kama panya. Ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano ikakazwa mpaka ikalia vile vile. Hapo mkono ukatulia. Kidole gumba kikashuka juu ya nati kana kwamba kinafuta mafuta, na katika kule kufuta kikairudisha nyuma nusu mzunguko.

Lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua, jepesi na zuri kulitazama. Siwema mwenyewe hakuligundua.

Kobelo aliligundua. Kumbe na kiporo walikichukua, aliwaza, akicheka moyoni.

Kiporo alifundishwa na Mzee Ngwale, fundi wa kwanza wa kuta zile. Ukimaliza kila kitu, Ngwale alimwambia, watakuita kwa lipi tena? Waachie kidogo. Nusu mzunguko wa nati ya tano ulikaa mwaka na nusu hivi, halafu tone moja likaanza kuanguka kila dakika. Mwenye nyumba aliweka ndoo, akamwita fundi. Fundi alifika, akaleta habari za mtaa wa juu, akakaza, akalegeza, akanywa chai.

Na Kobelo alikuwa na sababu yake mwenyewe, aliyomficha hata Ngwale. Alizilegeza zaidi nati za nyumba zenye vitabu. Nyumbani kwa Mwalimu Msumi, mstaafu aliyekuwa na kuta mbili zilizojaa vitabu, alirudi mara sita kwa nati ile ile. Kila aliporudi alitoka na kitabu kwapani, cha aljebra, cha jiografia, kamusi iliyochanika jalada. Asingeweza kubisha hodi kwa mwalimu kama mtu mzima asiyejua kitu. Kama fundi, aliweza. Cheti chake cha kidato cha nne kilitoka kwenye matone yale, na hakuna aliyeumia. Tone lilianguka kwenye ndoo, ndoo ikamwagiwa maua.

Alitamani kumwambia Siwema, kama fundi anavyomchekesha fundi mwenzake.

"Unajua, hiyo nati ya tano..." alianza.

"Chai tayari," Mama Tekla aliita. "Njooni kabla viazi havijapoa."

*

Siwema alishika kikombe, kidole cha mwisho kimenyanyuka. Alimenya kiazi, akakiacha kwenye sahani. Akakimenya kingine.

"Binti, hicho ni cha tatu unamenya hujala hata kimoja," Mama Tekla alisema. "Una nini?"

"Nimechoka tu, mama."

"Uchovu unakula. Wasiwasi ndio haumezi."

Siwema alicheka kidogo, kisha akatazama mezani. "Keshokutwa naitwa Baraza la Leseni. Kuta mbili nilizotengeneza zimepasuka. Moja ilipasuka bibi wa watu anapika, maji ya moto yakammwagikia miguuni. Hajasimama mpaka leo. Namwendea kila Jumapili, na kila Jumapili ananipa pole mimi."

"Jamani," Mama Tekla alisema.

"Si mimi peke yangu. Wenzangu kumi na mmoja wameshanyang'anywa leseni mwaka huu. Wanasema tunazembea."

"Glavu si zinaandika?" Kobelo aliuliza. "Wazisome."

"Wamezisoma. Zinasema tulifuata mkono sawasawa, hata unywele hatukupotoka. Wakaguzi nao wanapima kwa mkono huo huo. Nati ikikaa kama mkono ulivyoiacha, imekaa sawa. Kwa hiyo mkono haukukosea, basi tumekosea sisi. Labda uchafu, labda washa mbovu. Hawajui, lakini lazima mkosaji awe mtu." Alinyanyua macho. "Samahani mzee. Nilipoona jina lako pale ukutani nilitaka nikuulize. Halafu nikaona aibu. Mtu umevaa tai, nikuletee mikosi yangu."

Kobelo aliinama mbele mezani.

"Nyumba hizo mbili. Jiwe la umeme liko wapi?"

"Zote ni nyumba mpya. Liko ndani ya ukuta, chini ya moyo."

"Siku hizi haliwekwi juu ya paa?"

"Waliacha zamani, miaka kumi na mbili sasa. Kule juu linakula nafasi ya bustani."

Wakati wake jiwe la umeme, lile tofali la chumvi linaloweka akiba ya jua kwa ajili ya siku za ukungu, lilikaa juu ya paa, mbali na maji. Sasa alilitazama akilini, limekaa gizani ndani ya ukuta, la moto kama pasi. Juu yake moyo. Juu ya moyo nati ya tano. Hapakuwa na ndoo wala mtu wa kuona. Tone moja kila dakika juu ya jiwe la moto, mvuke ukijazana usipate pa kutokea.

"Zilipasuka muda gani tangu uzitengeneze?"

"Moja mwaka na miezi minane. Ile ya bibi, mwaka na tisa."

Alijaribu kuweka kikombe mezani. Chai ilimwagika yote, ikafuata mkunjo wa kitambaa mpaka ukingoni, ikaanza kudondoka sakafuni tone kwa tone, na wote watatu waliitazama.

*

Siwema alitoka uani kusafisha zana. Kobelo alimfuata mkewe jikoni, akafunga mlango.

"Ni kiporo," alisema.

Mama Tekla hakuuliza kiporo ni nini. Alifunga ndoa na fundi aliyerudi nyumbani kila jioni akisema ameshashiba chai.

"Cha Ngwale?"

"Cha Ngwale na changu. Kimo ndani ya glavu. Kila nyumba, Mama Tekla. Kila nyumba ina nusu mzunguko wangu."

Alikaa juu ya kiti kile alichokiweka asubuhi kwa furaha. Mbele yake moyo wa ukuta wao ulikuwa bado wazi.

"Nitawaandikia Hazina," alisema. "Barua nzuri, ya kitaalamu. Nitasema teknolojia ya nyumba imebadilika, ukazaji nao uangaliwe upya. Jumatatu nitaandika."

"Kwa nini Jumatatu?"

Kobelo alilinyoosha fundo la tai yake.

"Siku sita, Baba Tekla. Wewe ndiye msomi. Siku sita ni matone mangapi?"

Kichwa chake kilipiga hesabu kabla hajakizuia, kama kilivyozoea tangu shule ya jioni. Elfu moja mia nne na arobaini kwa siku. Mara sita. Elfu nane mia sita na arobaini, kwa kila nyumba ambayo nati yake imekwisha kuachia. Na Baraza lilikuwa Alhamisi.

"Watalifuta jina," alisema taratibu.

"Watalifuta."

"Nimelisubiri miaka yote."

"Najua. Nilikuwa nakuwashia taa usome." Alimwekea mkono begani, akauacha hapo. "Sikuambii ufanye nini. Ila yule mtoto wa watu amemenya viazi vitatu."

Kobelo aliinuka, akafungua mlango wa uani.

"Siwema. Nati ya tano, ukifika, ongeza nusu mzunguko. Kwa mkono wako. Waambie na wenzako."

Siwema alimtazama, kitambaa cha kufutia kimesimama kwenye spana. Hakuwa mjinga. Kobelo aliona fikra ikimwingia usoni, ikishuka, ikifika.

"Glavu itaandika kwamba nimekwenda kinyume na mkono," alisema. "Hilo ni kosa kubwa kuliko ukuta kupasuka, mzee. Mara moja tu, leseni imekwenda." Akaendelea, kwa upole uliomchoma zaidi: "Huwa inarudi nyuma, sivyo? Kidole gumba. Nilidhani kinafuta mafuta."

"Kinafuta na kinarudisha."

"Kwa nini?"

Hilo ndilo swali, na jibu lake lilikuwa fupi mno kwa ukubwa wa madhara yake. "Nipate kurudi," alisema.

Siwema alikaa kwenye ngazi ya uani. Mbele yake ukungu wa asubuhi ulikuwa unaondoka juu ya paa za mji, mtaa baada ya mtaa, nyumba zikijitokeza mia kwa mia.

"Kuna njia moja," alisema mwisho. "Mwenye mkono anaweza kusahihisha. Anavaa glavu yoyote, inamtambua, anafanya upya kile kipande. Kesho asubuhi kila fundi akivaa anakikuta kimebadilika. Tena Hazina inatoa amri ya kurudi nyumba zote, siku hiyo hiyo."

"Basi ni rahisi."

"Si rahisi. Lazima useme sababu kwa kinywa chako, na sababu inakaa kwenye mkono. Kila fundi akivaa asubuhi, anaisikia kwanza kabla ya kazi. Sauti yako, maneno yako."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mkono utakapoacha kutumika."

Kobelo alitazama mikono yake. Haikuwa imetulia tangu chai imwagike.

"Na huku kutetemeka?"

"Glavu inachukua inachokipata. Sina uongo wa kukupa, mzee." Alikikunja kitambaa cha kufutia. "Ukikataa sitasema kitu Alhamisi. Nani ataniamini, kwanza? Watasema namsingizia Kobelo."

Maneno hayo yalimfikisha pale alipokuwa hataki kwenda. Aliuona mlango wa chuo, herufi za shaba, na chini yake vijana wakiingia na madaftari, wavae glavu, wajifunze kulegeza.

"Lete," alisema. "Haraka, kabla sijawa mwerevu tena."

*

Jikoni, mbele ya moyo wa ukuta, glavu zilimbana vidoleni, kisha zikapata joto, zikaachia. Sauti tulivu ilitoka kwenye kifundo cha mkono: "Karibu, Kalisti Kobelo. Mkono wako umetambuliwa." Hata katika hali ile moyo wake uliruka kwa fahari, naye akaona haya kwa kuruka huko.

"Sema *sahihisho*," Siwema alinong'ona. "Halafu ulichobadili. Halafu sababu."

"Sahihisho," Kobelo alisema. "Moyo wa ukuta, nati ya tano." Alinyoosha mgongo kama alivyosimama zamani mbele ya mtahini. "Nilikuwa nairudisha nyuma nusu mzunguko kwa makusudi. Nilifanya hivyo ili ivuje, niitwe tena. Nilipata chai, mazungumzo na vitabu. Nyumba zimepasuka kwa sababu hiyo na watu wameumia. Mafundi waliofuata mkono huu hawakukosa. Niliyekosa ni mimi. Kuanzia leo inakazwa mpaka mwisho."

"Sababu imepokelewa. Onyesha. Una nafasi tatu."

Aliinua spana. Njiani ikacheza, ikagonga ukingo wa shaba, ikateleza.

"Mkono haujatulia. Nafasi ya pili."

Siwema alisogea. "Nikushike kiwiko?"

"Usimguse," Kobelo alisema. "Samahani. Namaanisha mkono. Ukiingia mkono wako, glavu itakataa."

Alibana meno. Aliukaza mkono wote toka bega mpaka kucha, akaipachika spana juu ya nati, na kwa nguvu ile ile ya kuuzuia mtetemeko ukaongezeka, ukawa kama wa mtu aliyeshika mashine ya kukoboa. Spana ikaruka, ikaanguka sakafuni.

"Mkono haujatulia. Nafasi ya mwisho."

Jasho lilimshuka ndani ya kola. Tai ilimkaba. Nyumba elfu ishirini na sita, na yeye hawezi kushika spana. Siwema aliiokota, akampa, na uso wake ulikuwa umekauka kabisa.

"Kalisti," Mama Tekla alisema. Alikuwa hajamwita hivyo tangu Tekla azaliwe. "Ukila supu huwa unauzuia mkono?"

"Nikiuzuia inamwagika."

"Sasa unauzuia wa nini?"

Kobelo alishusha mabega. Akavuta pumzi, akaiachia. Aliuacha mkono utetemeke utakavyo, akaenda nao, kama mtu anayepanda kilima na mzee mwenzake bila kumharakisha. Spana ilicheza, ikacheza, ikaingia mahali pake. Kidole cha mwisho kikanyanyuka. Nati ikazunguka kwa vipande vipande, robo, nusu kidogo, ikalia kama panya. Kidole gumba kikashuka kufuta mafuta, na kwa mazoea ya miaka hamsini kikataka kurudi nyuma. Alikisikia kikitaka. Akakisukuma mbele, mpaka shaba ikagoma.

Wote watatu waliitegea glavu sikio.

"Sahihisho limepokelewa," glavu ilisema.

Siwema alipiga kofi moja la furaha, akaziba mdomo kama aliyepayuka kanisani. Kobelo alikuwa anacheka na kuhema kwa pamoja, akashika ukuta.

"Jaribu," alimwambia, akivua glavu. "Jaribu, nione. Hizo nne zilizobaki hazina neno, anza na ya tano. Ilegeze, uikaze upya."

Siwema alivaa. Alitulia kidogo, kichwa kimeinama, na Kobelo alijua anasikia nini. Kisha mikono ikaanza, mikono ile ile ya ujana, kidole gumba kikifuta hesi, spana ikigonga ko-ko. Ilipofika kwenye nati ya tano ikabadilika. Vidole vyake vizima vya miaka thelathini vilianza kutetemeka. Spana ilicheza, ikatafuta, ikaingia. Nati ikazunguka kwa vipande, ikalia, kidole gumba kikashuka, kikasita, kikasukuma mbele.

"Kila nyumba itakuwa hivi?" Kobelo aliuliza.

"Kila nyumba, fundi akifika hapa. Watu watauliza fundi anaumwa nini."

"Mtawaambia."

"Tutawaambia, mzee."

"Fundi Siwema," alisema, na alikuwa hajamwita mtu yeyote fundi kwa miaka mingi, "Alhamisi nitakuja Barazani. Nitakaa karibu nawe."

Siwema aliitikia kwa kichwa, akafunga kifuniko cha ukuta, akakikagua kwa kiganja. Alikuwa na haraka ya kuondoka, mtu mwenye habari ya kuwapelekea wenzake kumi na mmoja, lakini mlangoni aligeuka.

"Basi hapa hapatavuja tena," alisema. "Hamtakuwa na la kuniitia."

Mama Tekla alikuwa anafuta chai iliyomwagika.

"Jumamosi njoo mapema, kwenye saa nne," alisema bila kuinua kichwa. "Nitapika njegere. Baba Tekla hana sherehe ya kwenda."

Kobelo aliilegeza tai, akaivua, akampa mkewe aiongeze kwenye kitambaa cha kufutia chai.